Pua ya Baba Njoroge

Nilijiaibisha kwa kujigamba, tena nyumbani kwangu Ruiru, ambako hunitoi hata kwa trekta. Mke wangu alikuwa ametoka hospitali na mvulana wetu wa kwanza, na majirani wakaja kumwona, wengine na watoto wao wachanga. Nikamwinua mtoto kutoka kitandani, nikawamwagia masomo yangu ya sekondari: "Ndani ya kila chembe ya mwili kuna nyuzi, zinaitwa kromosomu, zimejisokota kama kamba ya mkonge. Nusu za baba, nusu za mama. Sasa tazameni hii pua! Nusu yangu imeshinda."

Nikampitisha mbele ya kila mgeni, kifua mbele. Walicheka, nikadhani wananivulia kofia. Ndipo Mama Akinyi, jirani wa mlango wa pili, aliponyoosha mikono: "Baba Njoroge, hebu nipe mtoto wangu. Wako yuko jikoni, ananyonya."