Siku Nilipompa Mgongo Mama Mkwe Mbele ya Watahini

Jambo hili nimelificha miaka mingi, na anayelijua lote ni mke wangu peke yake, kwa hiyo mkitaka kunicheka nichekeni sasa hivi mapema, maana huko mbele kicheko kinapungua.

Ilikuwa miaka ya vita, hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, na shule yetu ya uuguzi ilikuwa imefungwa na kufunguliwa mpaka tukachoka kuuliza. Wenzetu wengine walivuka ziwa kwenda Kigoma, wengine wakaingia porini, na sisi wachache tuliobaki tukawa tunangoja mtihani wa serikali, ule wa mwisho unaokupa diploma. Bila karatasi hiyo wewe ni mfagia wodi tu, hata kama dawa zote unazijua. Na mimi zahanati moja ya Kilembwe ilikuwa inaningoja kwa hamu, watu wa kule hawakuwa na muuguzi hata mmoja, wakasema nikipata diploma tu nianze safari.

Nilijitayarisha kama mwehu. Sindano za kuchezea hazikuwepo, basi nilikata shina la mgomba, nikalifunga mpira kama mkono wa mtu, nikalichoma kutwa mpaka mke wangu akaniuliza kama mgomba umepata nafuu. Hatua zote nilizikariri kwa Kifaransa, nikioga, nikilima muhogo, hata kanisani wakati wa sala (Mungu anisamehe). Nikajifundisha pia kutotetemeka: nafumba macho, najiona nimesimama kando ya kitanda, watahini wananikodolea macho, mkono wangu umetulia tuli. Kila kitu nilikiona humo kichwani isipokuwa uso wa mgonjwa.

Watahini walikuja kwa boti kutoka Uvira kwa sababu barabara ilikuwa haipitiki, wakatuambia kwamba saa saba mchana wanaondoka, aliyemaliza amemaliza. Hospitali siku hizo ilijaa kipindupindu. Kila mmoja wetu aliokota kikaratasi chenye namba ya kitanda, na mgonjwa wa kitanda hicho ndiye unayemhudumia mbele yao. Mimi nikaokota sita. Nafika mlangoni, natupa jicho kitanda cha sita, naona kitenge ninachokifahamu, tulikipeleka wenyewe siku ya mahari. Alikuwa mama mkwe wangu! Nilijua yuko kwake Mboko, kumbe risasi zimelia huko, wamekimbia, wamekunywa maji yoyote waliyoyakuta njiani, na majirani wamemleta asubuhi ile ile kabla hata hatujapata habari nyumbani.

Kwetu, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, hali naye. Mkikutana njiani mmoja wenu anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Sasa fikirini kitanda cha kipindupindu, kilichotobolewa katikati, ndoo chini, na juu yake mama aliyemzaa mke wako. Ilitosha niseme, "Huyu ni mama mkwe wangu," wanipe namba nyingine. Lakini aliyerudisha kikaratasi alipelekwa mwisho wa mstari, na niliogopa saa saba isije ikanikuta hapo. Nikanyamaza. Kosa langu lote ni hilo, mengine yalifuata yenyewe.

Niliingia kinyumenyume. Yeye akanitambua, akajifunika kitenge kichwani. Nikaanza kuuliza maswali yangu nikiwa nimelielekea dirisha, umetapika mara ngapi, umekojoa lini, na sikujibiwa neno. Nikaona nimtumie mama wa kitanda cha saba (mgonjwa naye, maskini) awe mjumbe kati yetu.

"Mama, tafadhali muulize kama amekojoa."

Mkubwa wa watahini, muuguzi mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, akasogea. "Monsieur, uko unaongelesha dirisha ao mugonjwa?"

"Ninamlindia heshima, Monsieur," nikajibu, na sauti ilinitoka nzuri hata mimi mwenyewe nikaiamini.

Ikafika zamu ya serum, yale maji ya kutia mshipani. Ilikuwa imebaki chupa moja wodini, ya kioo. Nikanyoosha mkono nyuma, macho dirishani, nikapapasa kulabu ya kutundikia, nikaona kama imeshika, nikaachia. Haikuwa imeshika. Chupa ilipasukia kwenye sementi, na maji ya mgonjwa wangu yakanifikia viatuni.

"Toka," mzee akasema.

Hapo ndipo sauti ilipotoka chini ya kitenge, ndogo, imekauka. "Mukwe." Hakuwahi kuniita tangu nimwoe binti yake. "Mi niko nakufa. Geuka. Ile haya yetu tutaishika tena kisha nikipona."

Nikageuka. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na yalikuwa macho ya mke wangu hasa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nikaomba maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi, nikakaa kwenye kigoda, nikamnywesha kijiko kwa kijiko, akitapika nangoja, halafu naanza tena. Sikuangalia saa. Mzee alipita akienda botini, akasimama.

"Juu ya nini haukusema? Ningekupatia namba ingine. Hata dakika moja haingeisha."

Nikajaza kijiko kingine. Aliniangusha, na alifanya haki. Jioni ilipatikana serum nyingine, mwenzangu akamtundikia, lakini siku mbili nzima hatukujua kama atabaki nasi. Kilembwe nao walikaa mwaka mwingine bila muuguzi, mpaka niliporudia mtihani na kufaulu, na mwaka huo wao sipendi kuufikiria. Niliapa, na kiapo nimekishika: mgonjwa ninayemjua, natangaza kwanza kwamba namjua, hata anitazame nani.

Mama mkwe alipopata nguvu alikuja nyumbani kumwona binti yake, na mimi, kama inavyopasa, nikatoka nikakaa nyuma ya nyumba. Nikamsikia anavyosema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika:

"Ule infirmier mwenye alininywesha maji, mi simujui. Lakini mukimuona, mumuambie ile chupa nilimusamehe."

Nililia pale nyuma ya ukuta mpaka mke wangu akaja kuniambia kwamba mama ameshaondoka.