Kikaango cha bwana yangu kilichosuguliwa kwa mchanga mwaka wa uasi

Wakuu, salamu kwenu nyote mnaopita humu.

Minye, yaani mimi, ni bibi wa Uvira, simu nimejifunzia uzeeni. Jana nimesoma mtu humu akilalamika kwamba wenzake wa nyumba ya kupanga wanamharibia kikaango chake cha chuma. Mkamcheka sana. Minye sikucheka. Haya yalinipata mwenyewe, siongezi chumvi.

Bwana yangu Simoni alikuwa mpishi kwa Wazungu, upande wa Kalundu. Uhuru ulipokuja, tajiri wake alifunga masanduku akaondoka, akamwachia kikaango cha chuma, kile kizito cha kuinua kwa mikono miwili. Cheusi tii. Ukikaanga yai halishiki.

Simoni alikuwa na masharti. Usikiloweke. Usikisugue kwa mchanga. Ukimaliza kupika, maji ya moto na kitambaa tu, ukirudishe kwenye makaa kikauke kabisa, upake mawese, halafu uyafute mpaka uone kama hukupaka kitu.

Ule weusi si uchafu wakuu. Ni mafuta yaliyoungua yakashikana na chuma, kidogo kidogo, kila siku. Ilikuwa kazi ya mkono wake.

Baadaye kazi ikakosekana. Akapanda lori kwenda Bukavu kutafuta.

"Minye nitarudi, weye chunga nyumba."

Nyuma yake uasi ukaingia, ule wa miaka michache baada ya Uhuru, barabara ikafungwa. Habari hazikuja tena.

Hatukuwa tumepata mtoto. Nilipika peke yangu, nikala peke yangu, na kila jioni nilipaka mafuta kile kikaango kama alivyonionyesha. Siku nyingine ndiyo kazi pekee niliyofanya.

Halafu watu wakaanza kukimbia mapigano kule bondeni. Nikapokea mama mmoja wa Luberizi, Venansiya, na watoto wake, kisha jamaa zake wengine wa Sange. Nyumba ikajaa. Jiko moja, vyombo vimechanganyika.

Mtadhani upweke uliisha. Hapana. Wao walikuwa wanaongea Kirundi kati yao, minye naelewa nusunusu. Wanacheka, nami nacheka kwa kuchelewa.

Siku moja natoka ziwani kuteka maji, nakuta kikaango kimeanikwa juani. Cheupe! Kimesuguliwa kwa mchanga wa ufukweni na sabuni, na tayari kutu imeanza pembeni.

Nikakaa chini palepale. Nikalia bila sauti.

Mtoto mmoja akaniona, nyumba nzima ikatoka. Walidhani nimeletewa habari ya kifo. Wanawake wakakaa kunizunguka, mmoja akanifunika kitenge mabegani.

Venansiya akanishika mkono. "Bwana yako? Wamesema nini?"

"Hapana. Kikaango."

Venansiya akageuka kukitazama pale juani.

"Ni minye niliosha," akasema. "Niliona iko na masizi mingi. Nikasema huyu dada ametupokea, na minye nimusaidie."

Ndipo nikawaeleza. Kwamba ule weusi ni Simoni aliuweka. Kwamba mu nyumba hii hakukuwa na kitu kingine alichofanya kwa mkono wake.

Venansiya akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo. Mafuta ya ng'ombe, aliyotoka nayo kwao, ya kumpaka mtoto wake mdogo kifuani akikohoa. Yalikuwa yamebaki chini kabisa.

"Ya mtoto, acha," nikamwambia.

"Mutoto amepona. Leta hiyo chuma."

Tukatoa kutu, tukakikausha motoni, tukapaka, tukafuta, tukaacha moshi uishe, tukarudia. Macho yalitoka machozi, safari hii ya moshi.

"Weusi ya bwana yako haitarudi, dada," akaniambia. "Hii itakuwa ya sisi wote."

Tangu siku ile hakuna aliyekigusa kwa mchanga. Kilikaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, za nyumba nzima, kikawa cheusi haraka kuliko nilivyotegemea.

Halafu vita vikasogea kwetu. Venansiya akavuka na watoto kwenda upande wa Burundi. Tuliagana mlangoni haraka, watoto wanalia. Minye nilibaki, nikisema Simoni akirudi atanikuta wapi?

Simoni hakurudi.

Barabara ilipofunguliwa nilikwenda Luberizi. Shamba lao la mpunga lilikuwa na watu wengine. Hawakumjua.

Nikarudi nyumbani, nikakaanga ndagala nyingi, kama za watu wote wale. Nikakaa nazo.

Nilichojifunza: mnaoishi nyumba moja, ambianeni mapema kitu fulani kina maana gani kwenu, kwa sababu anayekiharibu huenda anataka kukusaidia. Na chuma kikipikiwa kila siku hakishiki kutu. Changu kilipata kutu miaka niliyokuwa peke yangu baada yao kuondoka.

Haya, semeni na ninyi, mnatunzaje vyombo mnapoishi wengi?

Na kama kuna mtu humu ambaye bibi yake aliitwa Venansiya, wa Luberizi, mwenye kovu kidevuni, aliyewahi kuishi Uvira mwaka wa uasi, aniandikie hapa chini. Niko nyumba ileile.