Mlanguzi wa Chumba cha Uani

Msinicheke sana, wasomaji, maana Tabora nzima imeshanicheka. Mimi ni balozi wa nyumba kumi, na siku hizi za kuwasaka walanguzi namshuku hata paka anayenyata.

Juzi mgeni alipanga chumba cha uani kwa jirani yangu, Bi Zuhura. Akawa anazunguka sokoni akiulizia bei ya karanga na ya asali ya Usinge, kisha anarudi mikono mitupu. Nikajiambia, huyu si bure. Jana alasiri nikatega sikio dirishani kwake.

“Usiuze karanga zako sasa, mama,” alikuwa akinong’ona. “Ngoja bei ipande.”

“Nizifiche wapi, mwanangu?” akauliza bibi kizee.

“Uvunguni!”

Sikungoja zaidi. Nilikimbia kumwita mgambo, majirani wakatufuata, tukaingia bila hodi. Mgeni alikuwa peke yake mbele ya kioo. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa uvunguni. Palikuwa na viatu tu.

“Bibi umemficha wapi?” nilifoka nikiwa humo humo.

“Niko hapa, mwanangu,” ikajibu sauti ya kizee, kutoka kinywani mwa mwanamume yule.

Bi Zuhura akapiga makofi. “Kumbe ndiye yule mchekeshaji wa redioni, anayetushauri mambo ya soko!”

“Ndiye,” mgeni akasema. “Ungengoja igizo liishe, balozi, ungesikia panya wanavyozila karanga zote.”

Hata mgambo alicheka. Nami nikaona heri nibaki uvunguni.