Kuku wa Pankrasi na Mashine ya Zege

Kama hujawahi kuona pipa la zege likikimbilia migombani peke yake huku injini yake imebaki nyuma inaunguruma, nyamaza nikusimulie. Mimi nililiona. Mpaka leo nikisikia kitu kinabiringika, moyo unaniruka.

Theodosia ni mtoto wa dada yangu, anakaa Mjimwema. Ukiona ghorofa hapa Songea, iulize shingo yake. Amebeba zege kichwani tangu ana mimba ya kifungua mimba wake: karai juu ya kata ya kanga, anapanda ngazi za miti, anashuka, anapanda. Vibarua wenzake wakimtania kwamba atafupika. Hakufupika, shingo ndiyo iligoma. Mwaka jana akawa hawezi tena kugeuka kumtazama anayemwita, mpaka azungushe mwili mzima kama askari wa gwaride. Daktari akamwambia asibebe tena kichwani hata ndoo ya maji.

Mwanamke aliyelea watoto kwa kichwa chake! Akauza kiwanja, akasema atanunua mashine ya kuchanganyia zege awe anawakodishia mafundi. Ikitokea mbovu, hana kiwanja, hana shingo.

Sasa nani wa kwenda naye kuikagua? Mimi Thadei, nani mwingine? Barabara ya Namtumbo ilipowekwa lami, greda zima lilikuwa mikononi mwangu. Wenye wivu wanasema nilikuwa mlinzi tu. Haya, fundi huondoka jioni akaiacha mashine. Mlinzi analala nayo. Nani anaijua zaidi?

Tukakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mpaka kijiji kimoja karibu na Hanga, kwa Pankrasi, mkulima wa tumbaku aliyebaki na mashine hiyo baada ya kujenga mabani yake ya kukaushia tumbaku. Tulipofika tuliikuta inaunguruma tayari, imepakwa rangi mpya ya njano, unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Nikaizunguka. Nikapiga teke tairi. Nikainama, nikakohoa kitaalamu.

"Hii sasa ndiyo mashine," nikasema.

"Mzee anajua!" Pankrasi akafurahi, na mkewe, mama Hilda, akaleta ugali na kuku. Firigisi ikawekwa mbele yangu, kama heshima inavyotaka. Sikuikawiza.

Theodosia akabaki amesimama, mikono nyuma. "Asante, baba. Mimi sili mpaka mashine izimwe, ipoe, iwashwe tena."

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na tonge langu. Kwetu mtu akikataa chakula chako, ama amekuona mchawi ama ana ugomvi na ukoo wako. Mama Hilda akalitua chini bakuli la mchuzi alilokuwa anamnyooshea.

"Unanitia aibu, wewe mtoto!" nikamnong'oneza. "Chovya hata mchuzi."

"Mjomba, nikishakula kuku wake, mdomo huuhuu utasemaje kwamba mashine yake mbovu? Wewe umekula firigisi, hujisikii unavyoisifia?"

Nikakata tonge jingine.

Pankrasi akaizima mashine, uso umemvimba. Theodosia akakaa kando yake, kiganja juu ya injini, kama mama anayempima mtoto homa. Jua likasogea. Togwa ikaletwa, akaikataa nayo. Injini ilipopoa kabisa, Pankrasi akachomeka hendeli, akazungusha. Ikakohoa, ikatoa moshi kidogo, ikawaka.

Nikaruka juu. "Nilisema nini! Nilisema nini mimi!"

"Injini nzima," Theodosia akakubali. "Sasa tutie mzigo."

Pankrasi akacheka kidogo. "Mzigo wa nini tena, mama? Si unaona pipa linazunguka?"

"Bila karai kichwani, hata mimi nacheza ngoma."

"Tungekula kwanza..."

"Tutie mzigo, baba."

Tukalijaza pipa kokoto, mchanga na maji. Likazunguka. Mara meno yanayolizungusha yakaanza kulia ka! ka! ka! kama mtu anayesaga mifupa. Halafu, pale kwenye shafti, chuma kilicholishika pipa, ambapo rangi ilikuwa nene kuliko kwingine, njano ikapasuka, na ndani yake nikaona alama ya kuchomelewa. Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno pipa likang'oka.

Jamani! Lilidunda chini, likabiringika, likakipondaponda kiti nilichokalia kula firigisi, likateremka mpaka migombani, migomba ikalala. Mimi nilijikuta juu ya kirikuu. Nilipandaje, sijui, muulize malaika wangu.

Injini tu inaunguruma.

Theodosia alikuwa amezungusha mwili mzima kulifuata pipa kwa macho. Nilijua anachokiona: wanawake wenzake wa mjini, wamepanga foleni na makarai mbele ya pipa lile.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua linaruka meno, mama. Haki ya Mungu, sikujua litang'oka."

"Kumbe ulijua."

Pankrasi akainamisha kichwa. Nikagonga bodi ya kirikuu dereva awashe tuondoke. Lakini Theodosia akairudia injini, akaweka kiganja tena, akasikiliza.

"Hii naichukua. Yenyewe tu, kwa bei ya injini. Pipa lako baki nalo, linyweshee nguruwe."

Pankrasi akaitikia haraka, kama mtu aliyesamehewa. Ndipo Theodosia akanyoosha mikono kwa mama Hilda anawishwe.

"Kuku bado yupo, mama?"

Wote wakanitazama mimi, huko juu.

"Imebaki shingo," mama Hilda akasema.

"Ilete."

Akaketi, akaila taratibu, na mama Hilda akamnyooshea tena bakuli la mchuzi.

Injini hiyo leo iko Mjimwema. Sixbert, fundi wa kuchomelea, ameiundia fremu na pipa jipya, na Theodosia anaikodisha akiwa amesimama wima, kichwani ana kitambaa tu. Siku ya kuijaribu, Sixbert alitukaribisha chai na maandazi. Mimi nikasimama mikono nyuma mpaka kokoto zikazunguka, zikamwagwa, na pipa likabaki mahali pake. Andazi lilipoa. Nikalila hivyohivyo.