Nilisubiri SUV ya umeme, nikamsubirisha na mama

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mimi, hapa hapa Sumbawanga, sijasimuliwa na mtu. Mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea.

Nina duka la pembejeo Milanzi. Mwaka juzi niliona video ya SUV moja mpya ya umeme, ikasemwa inakuja Tanzania "hivi karibuni".

Jamani, ile gari niliipenda!

Kila saa nne, wakati wa chai, naifungua kwenye simu. Rangi nimeshachagua, kijivu. Viti vinavyolala najua. Mke wangu akawa ananiuliza, "Mchumba wako hajambo?"

Nikamwita fundi umeme, akaniwekea soketi nzito ukutani, pale nitakapoegesha. Gari haipo, soketi ipo. Mpaka leo inachaji simu.

Sasa tuje kwa mama.

Mama anaishi Chala. Mgongo unamsumbua, basi hapandi tena. Dada yake, mama mkubwa, yuko Kirando, kule ziwani. Tangu waolewe wana utaratibu wao: mavuno yakiisha, mama anateremsha debe la ulezi kwa basi, mama mkubwa anapandisha dagaa. Simu mama mkubwa hataki hata kuishika. Ulezi ukifika, basi anajua mdogo wake mzima na anamkumbuka.

Mimi kwa kiherehere changu nikamwambia mama, "Mwaka huu usitume. Gari inakuja, haina mtikisiko, tutaupeleka wenyewe."

Alifurahi mno. Akapepeta ulezi, akajaza debe, akaliweka karibu na mlango.

Kila nikienda:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Limefika wapi?"

"Liko melini."

Uongo mtupu. Hata bei nilikuwa siijui.

Mavuno ya kwanza yakapita. Ya pili yakapita. Debe liko pale pale, na dagaa nao wakakoma kuja.

Mwezi uliopita bei ikatangazwa. Nikampigia muuzaji Dar. Ukiweka ushuru na kuifikisha huku, ni zaidi ya mara mbili ya niliyokuwa nayo kichwani. Mteja anaomba mbegu, mimi namtazama tu. Iliniuma, siwafichi.

Jumamosi iliyofuata nikaazima Noah ya jirani, nikatandika godoro kiti cha nyuma, nikamfuata mama na debe lake. Tukateremka polepole. Mchana tulikuwa Kirando.

Mama mkubwa alikuwa amekaa uani. Macho yamekwisha, haoni kabisa. Hatukuwa na habari.

Akaingiza mkono kwenye debe, akaufikicha ulezi vidoleni, kisha akauliza, "Mdogo wangu, nilikukosea nini?"

Miaka miwili alidhani amesuswa. Mama akamkumbatia, wakalia wote. Mimi nikaenda kusimama kwenye gari, aibu imenijaa.

Njiani kurudi mama aliuliza kitu kimoja tu.

"Baba, hili la jirani lilikuwepo siku zote?"

"Lilikuwepo, mama."



Wakuu, kutamani si kosa. Ile gari bado naitaka, jana tu nimeiangalia tena. Kosa langu ni kumfungia mama kwenye hamu yangu mimi.

Mwenye kujua ushuru wa gari za umeme aweke hapa. Na kama kuna mtu umemwambia angoje, tuambie unamngojesha nini, na dada yake ana macho bado?