Nahodha wa Sauti ya Kuazima

Wifi yangu ni msusi, na anayesema ana mikono mepesi asidhani amemaliza kumsifu. Vidole vile vikitoka kwenye nywele huingia kwenye simu, na huko kwenye simu vinaua watu. Mchana wateja wakipungua, anafunga pazia la chumba cha nyuma cha saluni, anakaa kwenye benchi na kuingia kwenye gemu la vita na wenzake wanne ambao hajawahi kuwaona. Yeye ndiye nahodha wao. Nasema haya kwa majivuno, maana kaka yangu ndiye aliyemuoa, na kitu chema kikiingia kwenye ukoo tunagawana sote.

Wenzake hao walimjua kama Mzee Kimya. Walidhani ni mwanamume wa makamo mwenye hekima na koo bovu, kwa kuwa hakuwahi kusema neno, aliandika tu. Kila akiingia walimwamkia, "Shikamoo, Mzee!" Mmoja wao, fundi magari, alimwomba hata ushauri wa ndoa. "Mzee, mke wangu amenuna. Nifanyeje?" Wifi akamwandikia: "Omba radhi, kisha osha vyombo." Fundi akajibu kwamba kweli penye wazee haliharibiki neno.

Usidhani alipenda ukimya huo. Alipoanza kucheza alifungua maiki kama binadamu yeyote, akasema, "Habari zenu." Loh! Mmoja akauliza nani amemwachia mama simu. Wa pili akaomba namba. Wa tatu akaanza kumfundisha namna ya kushika bunduki, naye alikuwa chini, ameshauawa na wifi huyo huyo. Mimi ningewatukana mpaka betri iishe. Wifi alifunga maiki, akabadilisha jina, akawa mzee. Hiyo inaniuma hadi leo: mtu mzima kuificha sauti yake kama kitu cha wizi, ili tu aachwe acheze.

Basi yakaja mashindano. Waandaaji wakatoa amri kwamba nahodha wa kila timu aongoze kwa sauti mchezo mzima, maana wenye hila walikuwa wakiandikiwa siri na watazamaji. Asiyesema atavuliwa unahodha. Hapo mwenzao mmoja, mwalimu anayependa kusahihisha watu hata wakiwa wanakufa, akajitolea haraka kuliko adabu inavyoruhusu. "Mzee apumzike," akasema. "Mimi nitaongoza."

Wifi alinijia macho mekundu. "Wifi, timu hii nimeijenga mimi. Nikisema watanicheka, nisiposema wataninyang'anya."

"Sema. Wakicheka, nipe mimi simu."

"Wewe utafanya timu ifungiwe."

Akamwendea mumewe. Kaka yangu ana bucha, na ana sauti ambayo akimwambia mteja "karibu," mteja hurudi hatua moja nyuma. Ila gemu hajui hata linawashiwa wapi. Wifi asingeweza kumnong'oneza, maiki ingenasa. Wakapanga wakae bega kwa bega benchini: yeye akiinamisha kichwa kushoto, kaka aseme "Kushoto!", akikiinamisha kulia, "Kulia!", akikitikisa, "Rudini!" Walifanya mazoezi mpaka ikawa kero. Mezani wifi akigeuka kutafuta chumvi, kaka anapaza sauti, "Kulia!" Niliwaambia nguo ya kuazima haisitiri matako. Wakasema nina wivu.

Siku ya mashindano ikafika, mchana kweupe, saluni imejaa. Kwenye lile benchi, upande wa pili, alikuwa ameketi mteja mwenye povu kichwani. Tukamwomba asogee. "Mimi na povu hili sitoki hapa," akasema. Basi kaka akavuta kigoda, akakaa mbele ya mkewe, uso kwa uso. Hakuna aliyeona ubaya wake, hata mimi niliyekuwa nimeshika pazia.

Mchezo ukaanza. Wifi akaona mlango wa adui hauna mlinzi, akainamisha kichwa kushoto. Kaka, aliyekuwa akimtazama, akaona kichwa kinaelekea upande wa mkono wake wa kulia. Akanguruma, "Kulia, vijana!" Vijana wakakimbilia kulia na kupokewa kwa risasi. Wifi akainama kushoto kwa nguvu zaidi. "Kulia zaidi!"

"Mzee, huku tunakwisha!" Fundi alikuwa akilia kwenye spika ya simu.

Wifi akainama mpaka akamlalia yule mteja, naye povu likimwingia machoni.

"Kushoto!" Hiyo haikuwa sauti ya kaka. "Kushoto, nyie! Rudini nyuma ya ukuta!"

Kisha mwalimu akauliza, "Huyo mwanamke ni nani?"

Wifi akaisogeza simu mdomoni. "Ni mimi. Mimi ndiye Mzee, tangu siku ya kwanza. Huyo mwenye sauti nzito ni mume wangu, anauza nyama. Anayetaka kunitoa anitoe mchezo ukiisha. Sasa hivi nendeni kushoto."

"Kumbe vyombo vyote vile niliviosha kwa ushauri wa mwanamke!" fundi akasema.

"Mkeo aliacha kununa, hakuacha?"

"Aliacha."

"Basi kushoto!"

Fundi akaenda. Wale wawili wengine wakamfuata. Mwalimu akabaki amesimama uwanjani peke yake. "Kwanza tuelewane," akasema, "mimi siwezi kuongozwa na—" Akapigwa risasi kabla hajamaliza. Wanne waliobaki wakaingia kwa ule mlango na kushinda. Nilipiga vigelegele mpaka wateja wakatoka na nywele nusu kuja kuona kuna nini. Kaka akasema sauti yake ndiyo iliyowatisha maadui.

Siku iliyofuata mwalimu aliwaandikia kwenye kundi lao maneno marefu, yaliyopangwa vizuri kwa nukta na mkato. Hakatai mwanamke kucheza, alisema, alishtuka tu. Alijitoa kwenye timu kwa hasira, sasa anaomba kurudi. Ila ingefaa, kwa faida ya timu, nahodha apunguze kusema na aendelee kuandika kama zamani, wote walishazoea.

Wifi aliyasoma, akaanza kuandika jibu. Akaandika, akafuta, akaandika tena, akafuta. Mwishowe akabonyeza maiki, na wote wakamsikia: "Mwalimu, nafasi yako ipo. Ukija, sikiliza."