Kitabu cha Kumi na Tisa

Mimi niliwahi kuumbuka kuwa mwongo mbele ya watu wanane, mchana kweupe, kwenye baraza ya mwalimu mstaafu huko mtaa wa Korogwe ya zamani, tena nikiwa nimevaa gauni jipya nililojishonea kwa ajili ya siku hiyohiyo. Nalisema mapema ili nisije nikashawishika kulipunguza huko mbele. Wapo walionisikia nikilisimulia kwa kucheka, lakini leo nitalisimulia kama lilivyokuwa.

Naitwa Mwanahawa, ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Chanika, hapahapa Handeni mjini, na ugonjwa wangu ni vitabu. Nasoma mteja akichelewa, nasoma pasi ikipata moto, na mara nyingi nasoma nikasinzia (si kwa kuchoshwa, ni kwa raha, macho yanalegea na kitabu kinaendelea chenyewe huko ndani). Nikizinduka huwa sijui kama yule mwanamke aliyevuka mto alivuka kwenye karatasi au alivuka kwenye usingizi wangu. Nilikuwa naona ni jambo zuri kabisa, kama vile napewa vitabu viwili kwa kimoja.

Miaka michache iliyopita tulianzisha kikundi cha kubadilishana vitabu, watu tisa, wengine wa Handeni, wengine wa Korogwe, mmoja wa Kabuku. Maduka ya vitabu huku kwetu ni yale ya kiada na madaftari, kwa hiyo hadithi mpya inapatikana kwa mtu mwenzio. Utaratibu wetu ulikuwa rahisi. Januari kila mtu anaanza daftari, akimaliza kitabu anakiandika: namba yake, jina lake, tarehe aliyokimaliza, na sentensi moja ya alichokiona. Mwezi wa saba tunakutana Segera, pale njia panda, kwa kuwa kila mmoja anafika kwa urahisi, tunabadilishana. Desemba tunakutana Korogwe, tunasomeana madaftari, tunabadilishana tena. Hakuna zawadi. Lakini mkiambizana hakuna zawadi, kila mtu anataka kuwa wa kwanza.

Aliyekuwa ananikosesha raha ni Bwana Semboja, muuza mbegu na dawa za mimea wa Kabuku, mtu mpole, anayesoma akiwa amesimama nyuma ya kaunta yake. Mwezi wa nane aliandika kwenye kikundi cha simu kwamba amemaliza kitabu cha kumi na tisa. Mimi nilikuwa na kumi na nane. Nikaangalia rafu yangu, juu ya vitambaa vya sare, nikaona kile kitabu chenye jalada la kijani nilichopewa Segera na Mwalimu Naomi.

Mwalimu Naomi ndiye mkubwa wetu kwa umri, Mshambaa, amefundisha shule za msingi maisha yake yote, mjane, anaishi peke yake Korogwe ya zamani, upande unaoelekea mtoni. Siku ile ya Segera alinishikisha kile kitabu kwa mikono yake miwili, akaniambia taratibu, "Hiki ni chako wewe, mwanangu. Usikiharakishe, lakini usikicheleweshe." Mimi nikaitikia, nikakitia kwenye mkoba, nikakipandisha rafuni, na sare zikanizidi.

Sasa hiyo siku ya mwezi wa nane nikachukua kalamu. Nilijiambia nitakisoma wiki hii hii, kwa hiyo kukiandika leo au Ijumaa ni kitu kilekile. Nikaandika: kumi na tisa, jina la kitabu, tarehe, na sentensi moja, "Kimenigusa sana." (Sentensi hiyo inaenea kwenye kitabu chochote, kama gauni la mpira kiunoni.) Nikapiga picha ukurasa, nikautuma kwenye kikundi.

Baada ya muda mfupi Mwalimu Naomi akatuma ujumbe wa sauti. Yeye siku hizo alikuwa haandiki, alikuwa anasema tu, na mimi sikujiuliza kwa nini. Aliuliza, "Mwanahawa, umekisoma chote?"

Hapo palikuwa na mlango ulio wazi kabisa. Nikajibu, "Chote, Mwalimu. Tena mara mbili. Nimelia."

Siku ya pili yake akasema, "Haya, mwanangu. Asante." Na tangu hapo akawa mchache wa maneno kwangu. Nikituma salamu, shikamoo Mwalimu, anajibu marahaba na kuishia hapo. Nikadhani ni utu uzima.

Kitabu sikukisoma wiki ile, wala mwezi ule. Kila nikikitazama naona aibu kidogo, na kitu ukikionea aibu hukigusi.

Desemba ikaja. Siku mbili kabla ya mkutano katibu wetu akatangaza kwamba safari hii, badala ya kusoma madaftari tu, mtu mmoja atasimulia kitabu kilichomgusa kuliko vyote, na kwa kuwa Mwanahawa ndiye aliyelia, basi ataanza Mwanahawa. Nilikuwa na sare za Januari hadi juu ya meza. Nikasema nitakisoma garini.

Asubuhi ile nikapanda basi la Korogwe, nikapata kiti cha dirishani, nikafungua kitabu. Nilisoma kurasa nane. Msimamizi wa kituo cha treni anaamka, anafua shati, anamngoja mtu asiyejulikana. Kulikuwa na ukungu mwepesi, jua linapenya kidogo kidogo, mashamba yanapita, nyumba, mtu amesimama na ng'ombe, mashamba tena, na mbele kabisa milima ya Usambara imekaa kama kitu kilichochorwa kisha kikafutwafutwa. Joto la kioo likaniingia shavuni. Nikalala.

Na ndoto ikaja, nzuri ajabu. Niliuona mji ambao watu wake wanahama pole pole, kila siku nyumba moja, bila kugombana na bila kuagana, na mwanamke mmoja aliyebaki anafagia nyua zao zote. Anafagia ua wa huyu, anakwenda ua wa yule, anainjika chai kwenye majiko ya watu wasiokuwepo. Kila akimaliza kufagia, mchanga unakuwa na nyayo tena, ndogo, za miguu mitupu, naye hashangai. Treni inapita mbali, haina mlio. Nilizinduka kondakta ananigusa bega, tumefika, kitabu kipo mapajani, kidole changu bado kimo ukurasa wa nane.

Nyumbani kwa Mwalimu walikuwa wamefika wote. Tulikaa barazani, chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha, upepo wa mtoni unakuja na kuondoka. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, amevaa miwani myeusi (nikadhani ni kwa sababu ya jua). Nikamwendea, nikamwamkia. Aliitikia uso ukiwa umeelekea pembeni kidogo ya pale niliposimama.

Madaftari yakasomwa. Semboja thelathini na moja, mimi thelathini. Kisha nikasimama.

Nilipanga kusema machache na kukaa. Nikaanza na msimamizi wa kituo na shati lake, zile kurasa zikaisha mara moja, na watu bado wananitazama, vikombe mikononi. Basi nikamleta mwanamke mwenye fagio. Nikauhamisha mji wote, nyumba kwa nyumba. Nikawaonyesha nyayo mchangani. Mimi kusimulia najua, sauti yangu ndiyo niliyojaliwa, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyoamini kwamba nilikisoma kweli, kwamba hata harufu ya karatasi nilikuwa naikumbuka. Katibu aliacha kutafuna. Semboja alikuwa ameinamisha kichwa.

Nilipomaliza, Mwalimu Naomi akasema kwa upole, "Na ile barua?"

Nikawaza haraka: kumbe ndani kuna barua. Bila shaka msimamizi wa kituo anaandikiwa barua, ndiyo maana anangoja.

"Barua nayo," nikasema, "hapo ndipo nilipolia."

"Ingekuwa umeandikiwa wewe, Mwanahawa, ungeijibuje?"

Nikaangalia mbali kidogo, upande wa mto, kama mtu anayetafakari. Nilitaka jibu zuri. Nikasema, "Ningekaa kimya, Mwalimu. Kuna barua ambazo jibu lake ni kimya."

Wengine wakaguna kwa kusifu. Mwalimu Naomi akatikisa kichwa mara mbili, polepole, akapapasa mkono wa kiti mpaka akalipata fundo la kamba, akalishika. "Haya," akasema. "Nimekuelewa. Tubadilishane vitabu." Nikakaa, nimeridhika. Hilo ndilo linaloniuma zaidi hadi leo, kwamba nilikaa nimeridhika.

Vitabu vikawekwa kwenye mkeka katikati, kila mtu anachagua. Semboja akachukua kile cha kijani, akisema hadithi ya yule mwanamke wa fagio imemwingia, anataka kumwona mwenyewe. Akakifungua katikati. Akatulia. Akatoa bahasha nyembamba, ile ya karatasi laini, akaigeuza mbele na nyuma.

"Dada Mwanahawa," akasema, na hakuwa na hila hata kidogo, "humu kuna bahasha. Ina jina lako. Bado imefungwa."

Watu wakatazama bahasha, wakanitazama mimi, na nikaona kwenye uso mmoja mmoja wanavyoufikia ukweli, huyu amefika, yule amefika. Gauni langu jipya lilikuwa linanibana kwapani na mimi ndiye niliyelikata.

"Imefungwa?" akauliza Mwalimu.

"Imefungwa, Mwalimu," akajibu Semboja.

"Mpe. Fungua, Mwanahawa. Isome kwa sauti."

"Mwalimu, naomba niisome nikiwa peke yangu."

"Nilitaka uisome peke yako mwezi wa saba. Sasa isome hapa."

Nikafungua. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa ubaoni, lakini mistari ilikuwa inapanda na kushuka. Aliandika kwamba daktari amemwambia macho yake yanafunga, la kushoto limeshatangulia, la kulia huenda lisimalize mwaka. Kwamba haogopi giza sana, anaogopa kukaa na rafu nzima ya vitabu vilivyonyamaza. Kwamba sauti yangu anaipenda tangu siku ya kwanza. Je, ningeweza kwenda kumsomea, hata mara moja kwa mwezi, au nimsomee kwenye simu nikiwa kazini, na tuanze na hiki cha kijani, kwa sababu marehemu mume wake alikuwa mtu wa reli. Mwisho aliandika: "Ukiona ni mzigo usiseme kitu, nitaelewa, na tutabaki kama tulivyo."

Sikuweza kumtazama. Nikapiga magoti pale kwenye mkeka, kati ya vitabu vya watu, nikasema, "Sikukisoma, Mwalimu. Sikukifungua hadi leo asubuhi. Ile hadithi niliiota kwenye basi."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kidogo cha ndani, na machozi yanashuka chini ya miwani.

"Miezi minne," akasema, "nimekaa hapa nikijua umeisoma barua yangu ukalia, kisha ukanikataa. Mara mbili umeisoma. Na leo nilidhani unanikataa tena kwa mafumbo, mbele ya watu, na huyo mwanamke wako wa kufagia nyumba za watu walioondoka. Nikasema, kumbe ndivyo anavyoniona." Akavua miwani, akajifuta. "Kumbe ni mwongo tu. Mwanangu, hujui nilivyofurahi kwamba wewe ni mwongo."

Hapo baraza yote ikacheka, na mimi nikacheka nikiwa nalia, na aibu ikabaki palepale, kicheko hakikuiondoa. Semboja akanirudishia kitabu bila kuambiwa. Katibu akachukua daftari langu, akaniuliza kwa adabu kama kuna vingine. Vilikuwepo vinne. Nikamwonyesha, akavikata kwa rula.

Tangu Januari iliyofuata nilikuwa naenda Korogwe Jumapili, Mwalimu akitoka kanisani ananikuta mlangoni. Siku nyingine nilimsomea kwenye simu, mlio wa cherehani ya jirani ukiwa nyuma, naye alisema unamfaa, unafanana na treni. Kile cha kijani kilituchukua miezi mitatu, kwa sababu kila mara alinisimamisha, akaniambia rudi hapo, umepakimbia. Ni kitabu kizuri. Barua imo kweli, karibu na mwisho, na yule msimamizi anaijibu siku hiyohiyo.

Lakini kufikia hapo jicho la kulia nalo lilikuwa limefunga. Siku moja niliposoma ukurasa anaoupenda aliomba kitabu, akakishika, akapitisha kidole juu ya karatasi akitafuta mstari, akaweka kidole mahali, akasema, "Hapa." Hapakuwa hapo, palikuwa chini zaidi. Nikamwambia, "Ndiyo, Mwalimu, hapo." Kisha nikajirudi, nikamshika kidole, nikakishusha mistari minne, nikamwambia, "Samahani, ni hapa."

Basi nimejiapia. Nisichokisoma nitasema sijakisoma, awe ananiuliza nani na wawepo watu wangapi. Ni neno moja tu. Lingenitoka ule mwezi wa nane, Mwalimu angenionyesha mstari wake mwenyewe, jicho moja likiwa bado linaona.